Chembe Zisizo na Vazi

Picha ya shingo ya Mama Minza ilikuwa safi kote isipokuwa mahali pamoja, na hapo mahali pamoja ndipo ilipopita sauti yake.

Niliigeuza picha hewani kwa kidole, nikaiinamisha, nikaisogelea mpaka pua yangu ikawa ndani ya koo la mtu. Rovu lilikuwa limekaa upande wa kushoto, limejinenepea bila haya, na vipimo vilikwisha kusema kuwa limegeuka saratani. Nililivika udongo uliochomwa, mwekundu, wa mtungi uliotoka tanuruni saa hiyo hiyo. Nyama nzima iliyolizunguka niliivika udongo mbichi. Mishipa ya damu ilivaa mirija ya majani ya mpapai, damu yenyewe ikavaa mafuta ya mawese, na mafuta ya mwili yakavaa samli iliyoganda. Neva inayoendesha sauti ilivaa waya wa shaba.

Mgeni akiona picha zangu hudhani nimerukwa na akili. Lakini picha hii haikuwa ya mgeni, ilikuwa ya Daktari Ambakisye, na Daktari Ambakisye ni mtoto wa Ikombe, kule Kyela ziwani wanakofinyanga vyungu. Bibi yake alimkalisha kwenye udongo kabla hajajua kutambaa. Mkono wake unaujua udongo kuliko utakavyowahi kuijua nyama: ulipo mbichi, ulipoanza kukauka, ulipo na ufa usioonekana. Basi mimi naupa mkono huo kitu unachokijua. Kila mpasuaji hapa kwetu Mbeya ana kabati lake la mavazi. Yuko mmoja, mwana wa seremala, ambaye wagonjwa wake wote ni mbao. Yuko mwingine aliyekulia ghorofani, hajawahi kushika jembe wala nyundo. Huyo wagonjwa wake ni keki, na anapasua vizuri tu.

Mimi ni mvishaji. Jina langu ni Subilaga Mwakibinga, na nikisema kwamba hakuna anayenizidi kwa kuvisha chembe kuanzia Tunduma mpaka Makambako, sijisifu, natoa taarifa.

Mgonjwa anachomwa sindano ya chembe, ndogo kuliko vumbi la unga. Zinasambaa, kila moja inanata mahali pake na kuanza kutuma habari: niko hapa, joto langu ni hili, naonja chumvi hii. Basi, hiyo ndiyo elimu yake yote. Chembe haijui kama imekaa kwenye nyama au kwenye uvimbe. Ukizitazama zikiwa uchi unaona wingu la vumbi lenye umbo la shingo, na hakuna daktari wa kulipasua wingu. Hapo ndipo ninapoingia. Ninazigawa makundi, ninaliambia kila kundi: nyinyi ni kitu fulani. Nikishasema hivyo, mtambo unazipa rangi, unazipa namna yake ya kuurudisha mwanga, na unazipa ugumu wake ndani ya glavu ya daktari, ili jicho na kidole vishuhudie jambo moja. Siku hizi hapasuliwi mtu kwa macho matupu. Daktari wa mwisho aliyejua kufanya hivyo alistaafu nikiwa shule ya msingi.

Chembe zinazositasita huwapo siku zote. Kwa hizo tuna sheria ya jirani: chembe isiyojijua inavaa wanachovaa wengi walioizunguka. Ni sheria nzuri. Inafuta mawaa, picha inang'aa, daktari analala usingizi. Na ni lazima, kwa sababu mlango wa chumba cha upasuaji haufunguki mpaka kila chembe iwe na vazi. Chembe iliyo uchi haina ugumu. Glavu inaipita kama hewa, na kisu kinaweza kuzama kabla mkono haujashtuka.

Sasa pale shingoni palikuwa na ukanda mwembamba, urefu wa pingili ya kidole, ambao chembe zake zote zilisitasita. Niliziuliza: nyinyi ni uvimbe? Zikajibu ndiyo. Nikaziuliza: nyinyi ni neva? Zikajibu ndiyo. Waya wa shaba uliingia kwenye ukanda ule kwa chini na kutokea kwa juu, na katikati pakawa vumbi tupu.

Sheria ya jirani ilikuwa inaningojea, kitufe cha kijani, bonyeza tu. Wengi wape, na hapo wengi walikuwa uvimbe. Ningebonyeza, ukanda wote ungekuwa udongo uliochomwa, na Daktari Ambakisye, ambaye hana masihara na udongo uliochomwa, angeukata wote. Kama sauti ilikuwa humo, ingekwenda nao.

Nilikiondoa kidole.

*

Kwetu mgonjwa huletwa kuiona picha yake kabla ya kupasuliwa. Wengi huitazama mara moja na kugeuza uso. Mama Minza aliizunguka yote, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe.

Na ng'ombe ndiyo kazi yake. Yeye ni mnadi wa mnada wa ng'ombe kule Usangu. Waliwahi kuleta mtambo wa kunadi, wafugaji wakaukataa ndani ya msimu mmoja, wakisema haujui nani amekohoa na nani ameongeza bei. Wakamrudisha Mama Minza. Hajawahi kushika kipaza sauti, na akifungua mdomo kwenye kizimba, mtu aliye ng'ambo ya zizi anasikia na mbwa wanatulia.

"Shikamoo, mama," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo mimi huyu?"

"Ndiyo wewe, kuanzia kidevu mpaka kifuani."

"Mbona nimekuwa duka la vyungu?" Akacheka, na mimi nikacheka, na kioo cha dirisha kikatetemeka kidogo, kwa kweli kabisa. Kisha akanyoosha kidole. "Na hapa? Pana vumbi. Hamkufagia?"

Nilimweleza. Sikumzungusha, ingawa hilo ndilo tulilofundishwa, kumzungusha mgonjwa kwa upole. Alinisikiliza huku akiutazama ule ukanda.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayeamua nikatwe au nisikatwe."

"Anayekata ni daktari, mama."

"Daktari anakata anachokiona, na anachokiona kinatoka kwako. Mimi ni dalali, binti yangu, maneno ya kupitia uani nayajua." Alisogea karibu, na kwa mara ya kwanza akaishusha sauti. "Nivishie shaba."

"Mama..."

"Ngoja nimalize. Umri nilio nao unanitosha. Nimezika mume, nimelea, nimecheza ngoma za watu mpaka wamechoka. Lakini nikipanda kizimbani siku moja, nikafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu, hapo nitakuwa nimekufa huku mnaniangalia. Vika hiyo shaba hapo. Daktari ataiona neva, ataiacha, tutaachana kwa amani."

"Na kama ni uvimbe?"

"Basi utakuwa ni uvimbe wangu. Usimwambie daktari, ataanza kunihubiria. Wewe bonyeza tu."

Akanipigapiga begani na kuondoka, akiwasalimia manesi mmoja mmoja kwa majina, na kila mmoja aliacha alichokuwa akikifanya.

*

Binti yake alinikuta kwenye korido nikiwa na chai yangu. Minza ni fundi wa mitambo ya kuvuna ukungu kwenye safu za Uporoto. Alikuja na buti zake za kazini, na kwenye nywele zake kulikuwa bado na unyevu wa mlimani.

"Dada, wewe ndiye mvishaji?"

"Ndiye mimi. Karibu."

"Mama alikuja kwako. Najua alichokuomba, maana namjua mama." Hakukaa. "Naomba usimsikilize. Ule ukanda uvishe udongo. Wa kuchomwa. Wautoe wote."

"Huenda sauti ikaenda."

"Najua."

"Yeye anasema bila sauti amekufa."

"Anasema." Alifuta macho kwa kiganja, kwa hasira, kama anayefuta jasho. "Mama akiishi bila sauti atanichukia mimi mwaka mzima. Akifa na sauti yake, mimi nitamchukia yeye maisha yangu yote. Bora anichukie. Sina mwingine, dada. Sina baba, sina ndugu. Ni mimi na kelele zake tu."

Alinishika mkono wenye kikombe, chai ikamwagika, akaomba radhi, akaenda zake.

Nilibaki pale nimekasirika. Watu wawili wanaopendana namna ile, na kila mmoja ananiomba nimdanganye daktari kwa ajili ya mwenziwe. Nilikasirika zaidi kwa kuwa wote wawili walikuwa na haki ya kuomba. Mimi ndiye niliyekuwa sina haki ya kutoa, lakini kitufe kilikuwa changu.

*

"Subi! Picha yangu iko wapi?"

Daktari Ambakisye huingia chumbani kwangu bila kubisha hodi, mrefu, miwani imepanda kwenye paji la uso, na ni lazima aguse kitu. Siku hiyo alishika kalamu yangu.

"Ipo, daktari. Ila ina doa."

"Doa? Wewe?" Alishusha miwani na kutazama. "Hilo ni doa kweli. Lisafishe."

"Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Nikilisafisha nitakuwa nimekudanganya."

"Ndiyo maana ikawekwa sheria ya jirani. Bonyeza, twende kazini."

"Jirani zake ni majambazi, daktari. Unataka nimvalishe mtu sare ya majambazi kwa sababu tu wamemteka?"

Alicheka kidogo, lakini hakuridhika. Alivaa glavu, akauzunguka ule ukanda, akapitisha kidole ndani yake, kidole kikapita bila kuhisi kitu. Alikichomoa haraka.

"Sikiliza," alisema. "Una jicho kuliko huu mtambo. Sijawahi kuona picha yako ikikosea. Chagua wewe. Nivishie unachokiona, mimi nakuamini."

Hapo ndipo aliponiweza, maana mimi nikiambiwa naaminiwa huvimba kichwa. Alipotoka niliketi, nikakunja mikono, nikavisha shaba. Waya ukapita moja kwa moja kutoka chini mpaka juu, umejipinda kidogo tu pale rovu lilipousukuma, ukametameta. Picha ilipendeza. Ungeapa kwamba ndivyo ilivyo. Nikaivua shaba, nikavisha udongo uliochomwa. Rovu likajaza pengo lake, kingo zikakutana, waya ukaishia chini kama kamba iliyoliwa na panya. Nayo ikapendeza. Nayo ungeiapia.

Hapo ndipo nilipoogopa, na mimi si mwoga. Picha mbili, zote nzuri, zote za mkono wangu, na angalau moja ilikuwa uongo mtupu. Daktari angeipokea yoyote na kuniambia ahsante. Uzuri wa picha haukuwa na habari yoyote na ukweli wake. Nimefanya kazi hii nikiringia usafi wa picha zangu, na sasa usafi huo huo ulikuwa umesimama mbele yangu na kisu mkononi.

Nikavua yote, vumbi likarudi. Kuliacha vile nisingeweza, mlango usingefunguka, na hata ungefunguka, kisu kingezama. Palihitajika vazi. Lakini lilihitajika vazi ambalo hakuna kabati lililo nalo, vazi linaloiambia glavu: sijui.

Nilimfuata daktari ofisini kwake. Alikuwa anakula ndizi.

"Daktari, ulipokuwa mtoto Ikombe, mkono wako uliogopa kuingia wapi?"

"Swali gani hilo?"

"La kikazi. Jibu."

Alitafuna taratibu, akatazama ukuta. "Kwenye mgono," alisema mwishowe. "Ule mtego wa matete wa kutegea samaki. Kaka yangu alikuwa ananituma nikatoe samaki humo, kwenye matope, mdomoni mwa mto. Maji yamechafuka, huoni kitu. Humo ndani anaweza kuwa kambale, na kambale ana miiba. Anaweza kuwa nyoka wa majini. Wote wanateleza vilevile, wote wanajikunja vilevile. Basi unauingiza mkono polepole, kidole kwa kidole, na kikikugusa kitu hukikamati. Unatulia mpaka kijitambulishe chenyewe." Aliutazama mkono wake. "Mpaka leo nikikumbuka mwili unasisimka."

"Ahsante sana. Kaa hapo hapo."

Kulitengeneza vazi lile kulinichukua siku nzima, na sikuwahi kufurahia kazi namna hiyo. Rangi niliipa ya maji ya tope, isiyo kahawia wala kijani. Mwanga niliuambia usirudi, ila kwenye kingo tu, ung'ae kidogo kama ngozi yenye ute. Ugumu ndio ulionisumbua. Nilitaka kitu kinachokubali kidole kikija polepole, na kinachokataa kikija kwa pupa; ukikisukuma, kijikunje na kukusukuma. Nilikosea mara nyingi, kikawa jeli, kikawa mpira, kikawa ulimi wa ng'ombe. Jioni kikawa chenyewe. Nikazivika zile chembe zinazositasita, zote na hizo peke yake, nikamwita daktari avae glavu.

Alikuwa anaongea habari za mkutano wake alipofika pale shingoni. Maneno yalikatika. Mkono ulijirudi wenyewe, mpaka kiwiko kikagonga meza.

"Mungu wangu! Hii ni nini?"

"Hiyo ndiyo sijui."

Aliusugua mkono. Akaurudisha taratibu, kidole kwa kidole, na nikamwona usoni akiwa mtoto wa pale matopeni, macho yameangalia juu, mwili wote umekuwa masikio. Alikaa hivyo muda. Kisha akavua glavu na kuketi.

"Ungenivishia udongo ningekata," alisema.

"Najua."

"Ungenivishia shaba ningeacha, na ningemwambia amepona." Akavuta pumzi. "Sasa, kama hatujui, asilale. Tumpige ganzi ya shingo peke yake. Azungumze muda wote. Nitaugusa ukanda kwa umeme mdogo, punje kwa punje. Sauti ikitetereka, hapo ni neva. Ikisimama imara, hapo ni uvimbe, nakata. Utaweza kuvisha papo hapo?"

"Daktari, unanitukana."

Tuliwaita mama na binti pamoja. Daktari akaeleza, na alipofika mwisho akasema jambo ambalo mimi nisingethubutu: kwamba huenda akafika mahali ambapo uvimbe na neva vimekuwa kitu kimoja, na hapo hataamua yeye.

Mama Minza aliniangalia mimi. "Umenikatalia."

"Nimewakatalia wote wawili, mama."

"Wote wawili nani?" Akamgeukia bintiye. Minza alikuwa anatazama buti zake. "Aaa! Na wewe ulikuja kupenyeza maneno?"

"Nilijifunza kwako," alisema Minza.

Yule mama alitaka kukasirika, nikamwona akijaribu, lakini kicheko kikamshinda. Akamvuta bintiye kichwa, akakiegemeza begani mwake.

*

Asubuhi ya upasuaji mlango ulizipima chembe zote, ukaikuta kila moja na vazi lake, ukafunguka. Haukuuliza vazi gani.

Mama Minza alilala chali, macho makavu, pazia limemkinga kuanzia kidevuni. Picha ya shingo yake ilielea juu yake, kubwa, vyungu na shaba na mirija, na katikati ule mstari wa tope. Minza alikuwa nyuma ya kioo. Mimi nilikaa upande wa kichwa cha mgonjwa, vidole tayari.

"Nadi, mama," alisema daktari.

"Ninadi nini? Hapa hakuna mfugo."

"Mnadi huyu daktari," nikasema.

Alipindua macho kunitazama, na nikajua nimempatia.

"Haya haya haya, sogeeni!" Chumba kilijaa. Nesi mmoja alidondosha koleo. "Dume la Kyela hilo! Refu, limenyooka mgongo, halijawahi kuvuta plau! Macho yanahitaji vioo lakini miguu mizima! Nani anaanza? Wewe mwenye kofia ya bluu, umekohoa au umeongeza?"

"Nimekohoa, mama," alisema mtaalamu wa ganzi.

"Kohoa nje! Nani anaonge... nge..." Sauti ilikatika kama redio inayopoteza stesheni.

"Neva," alisema daktari. Nikaivika ile punje shaba. Tone la kwanza la waya likang'aa ndani ya tope.

"...anaongeza! Limekula vizuri hili, tazameni shavu! Tabia yake siijui, muulizeni mkewe!"

Sauti ilisimama imara. Udongo uliochomwa. Daktari akakata, taratibu, punje ikatoka.

"Mama, ukinichekesha nitakata visivyo."

"Dume linaongea! Bei imepanda!"

Tulikwenda hivyo. Yeye ananadi, daktari anagusa, mimi ninavisha. Tope likapungua kutoka chini kwenda juu, hapa shaba, hapa udongo, shaba, shaba, udongo, na ule waya ukazaliwa mbele ya macho yetu ukiwa umepita mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu angeubuni, umejipenyeza nyuma ya rovu na kurudi mbele. Haukufanana na picha yangu nzuri ya kwanza wala ya pili. Nilitaka kupiga vigelegele. Nilivisha kwa vidole vyote kumi na sikukosea hata mara moja.

Likabaki tope la ukubwa wa punje ya mchele.

Daktari aligusa. "Mara ya kwan..." Sauti ikafa kabisa. Akaachia, ikarudi. Akagusa tena, ikafa tena.

"Neva," alisema. "Vika shaba, Subi, tumalize."

Vidole vyangu havikwenda. Sasa kwa kuwa uvimbe wote uliozunguka ulikwisha kuondolewa, chembe za pale zilikuwa zinasema bila kupigiwa kelele na jirani, na nilizisikia vizuri. Niliziuliza mara mbili.

"Daktari, ni vyote viwili. Safari hii siyo kwamba sijui. Uvimbe umeingia ndani ya neva."

Mashine ya mapigo ya moyo iliendelea na yake. Daktari aliinama mpaka uso wake ukaonekana juu ya pazia.

"Mama, tumefika pale nilipokwambia. Imebaki punje moja. Nikiiacha, unaondoka na sauti yako na mbegu ya ugonjwa. Labda dawa zitaidhibiti, labda hazitaweza, na ikirudi itarudi na nguvu. Nikiikata, upande huu wa sauti unakufa. Utaongea, lakini kwa kukwaruza. Haitafika ng'ambo ya zizi."

"Haitafika hata kizimbani?"

"Haitafika, mama."

Alinyamaza. Nilikuwa sijawahi kuusikia ukimya wake, na ulikuwa mzito kuliko kelele zake zote.

"Mwanangu," aliniambia, "umeivika nini hiyo punje?"

"Bado tope."

"Nionyeshe."

Niliishusha picha mpaka usawa wa macho yake. Shaba ilipita, nzima, nyembamba, na katikati yake kile kidonge cha tope.

"Kadogo hivyo?"

"Kadogo hivyo, mama."

"Wewe ungekavika nini?"

Nesi aligeuka kunitazama, daktari naye. Nilikuwa na shaba kwenye kidole kimoja na udongo kwenye kingine. Nilimpenda yule mama, nilitaka aendelee kunadi mpaka dunia iishe, na nilikumbuka mkono wa Minza kwenye kikombe changu. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, kwa kuwa vidole havikuruhusiwa kuondoka mahali pake.

"Picha zote mbili nimeziona, mama," nilisema. "Zote zinapendeza. Siwezi kukuchagulia."

"Hufai kuwa dalali," alisema, lakini alisema kwa upole. Akatazama dari. "Daktari, toa mkono wako humo kidogo."

Daktari alitoa mkono.

Mama Minza alivuta pumzi, ndefu, mpaka pazia likainuka kifuani mwake.

"Minzaaa!"

Haikuwa sauti ya mnadani. Ilikuwa sauti ya mama aliyesimama mlangoni jioni, anayemwita mtoto aliyechezea mbali, na anajua kuwa atamsikia popote alipo. Ilipita juu yetu, ikapita kwenye kile kioo kinene ambacho hakipitishi kitu. Minza aliruka kutoka kwenye kiti, viganja viwili juu ya kioo. Sisi hatukumsikia, lakini tuliiona midomo yake ikiitika: Abee, mama.

"Amesikia?"

"Amesikia, mama," nilisema. "Ameitika."

"Basi kata."

Nikaivika ile punje udongo uliochomwa, na daktari akakata.